Lita Zinalingana: Nichukue Tangi la Kwenda Juu au Tangi Pana?

Ndugu mshauri,

Nakusalimu. Nimefuga samaki wa maji baridi kwa miaka sita na sasa nataka kuingia kwenye maji ya chumvi. Nataka tangi la matumbawe hasa, si la samaki peke yao. Nimesoma, nimeuliza, na vifaa karibu vyote nimeshavijua. Kilichonikwamisha ni kile nilichodhani ni chepesi kuliko vyote, yaani vipimo vya tangi lenyewe.

Sebuleni nina ukuta mmoja tu unaofaa, kati ya mlango na dirisha, wenye urefu wa sentimita 135. Rafiki yangu anauza tangi lake alilolitumia: urefu sentimita 100, upana wa mbele hadi nyuma 40, na kimo 80. Nililiona likiwa na maji na kwa kweli lilinishika moyo. Ukikaa kwenye kiti, limesimama mbele yako kama dirisha la bahari. Kwa upande mwingine, fundi wa vioo amekubali kunitengenezea jipya la urefu wa 120, upana wa 60 na kimo cha 45. Nikapiga hesabu: la rafiki ni lita 320, la fundi ni lita 324. Tofauti ya lita nne tu. Kama maji ni yaleyale, kwa nini nisichukue lile lisilokula nafasi?

Mke wangu naye ana hoja. Anasema tangi likitoka ukutani sentimita 60 litabana njia ya kwenda jikoni, lakini la 40 litakaa kama kabati la vitabu. Tena anaona kimo cha 45 ni kama kuweka sinia la maji juu ya meza.

Nia yangu ni kufuga samaki wa anemoni wawili, kangaja mmoja wa njano ambaye binti yangu ameshampa jina kabla hatujamnunua, matumbawe laini ya kuanzia, na huko mbele yale magumu yenye matawi. Rafiki anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Nisaidie nikate shauri.

Mpenda Matumbawe

*

Ndugu Mpenda Matumbawe,

Chukua la fundi. Nimetanguliza jibu kwa sababu kuna mtu anakusubiri, na si vizuri kumweka roho juu. Sasa tukae tuzungumze sababu, maana tangi la matumbawe likishajazwa maji halihami. Utaishi na vipimo hivyo miaka mingi.

Hesabu yako ya lita ni sahihi kabisa. Ila lita zinakuambia maji ni kiasi gani, hazikuambii yamekaaje. Kwenye matumbawe karibu kila kitu kinategemea maji yalivyokaa: mkono wako unafika wapi, mwanga unafika wapi, mawe yanasimama wapi, samaki anageukia wapi. Watu wengi hupima urefu kwa sababu ya ukuta, wakapima kimo kwa sababu ya macho, halafu upana wakaupokea wowote uliobaki. Mimi nakuomba ugeuze utaratibu huo. Anza na upana.

Lakini kabla ya upana, naomba upime mkono wako. Chukua futi ya fundi cherehani, upime kutoka kwapani hadi ncha za vidole. Watu wazima wengi wanapata kati ya sentimita 65 na 70. Tangi la rafiki yako lina kimo cha 80. Maana yake hata ukiegemeza kwapa juu ya ukingo wa kioo, vidole havigusi mchanga. Weka tangi hilo juu ya meza ya sentimita 80, ukingo wake unakuwa sentimita 160 kutoka sakafuni, kwa hiyo kila kazi ndogo inahitaji kupanda kitu.

Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nimelipitia. Niliwahi kumiliki tangi la kimo cha 75. Siku moja kipande cha tumbawe, kidogo kama ncha ya kidole gumba, kilibanduka juu ya jiwe kikaangukia nyuma, kwenye kona kati ya mawe na kioo. Nilipanda ngazi, nikazamisha mkono mpaka bega, shavu likagusa maji, na bado palibaki kama kiganja kizima. Nikachukua koleo refu la plastiki, nikalishusha taratibu, na kwenye kulivuta nikagonga tawi la tumbawe jingine lililokuwa limekua kwa miaka miwili. Lilikatika. Kile kipande cha kwanza hakikutoka hadi nilipobomoa mawe. Baada ya hapo nilianza kuahirisha kazi. Leo sisugui kioo cha chini, kesho siondoi mwani ule, wiki ijayo nitaangalia ile pampu. Tangi lisilofikika kwa mkono huchakaa hivyo, kwa kuahirishwa.

Na kila unapozamisha mkono mpaka kwapani unaingiza pia mafuta ya kujipaka, jasho na manukato. Samaki wanaweza kuvumilia kidogo, matumbawe hayapendi.

Sasa njoo kwenye upana. Sentimita 40 ni kipimo cha nje. Toa unene wa vioo viwili vya milimita 12, unabaki na takribani 37 na nusu. Mawe hayatakiwi kugusa kioo. Sumaku ya kusugulia kioo lazima ipite, maji lazima yazunguke nyuma yasije yakatuama na uchafu, na matumbawe yenyewe yakikua yanatanuka kuja mbele. Mimi huacha sentimita 10 mbele na 10 nyuma. Ukizitoa, mawe yako yamebakiwa na sentimita 17 hivi. Hapo hujengi mwamba, unajenga ukuta wa mawe yaliyopandana, na ukuta mwembamba wa mawe ndani ya tangi refu la kwenda juu ndio ule unaoporomoka usiku.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa upana wa 60. Unabakiwa na sentimita 37, zaidi ya mara mbili. Hapo unaweza kuweka rundo moja upande wa kushoto, jingine dogo kulia, ukaacha bonde la mchanga katikati, pango la samaki kujificha, na rafu za mawe zinazotokeza mbele kwa ngazi ili kila tumbawe lipate mahali pake bila kivuli cha mwenzake. Macho yanapenda kina cha kwenda nyuma kuliko kimo. Ulichokiona kwa rafiki yako kama dirisha la bahari, ukikitazama kwa wiki tatu utagundua kila kitu kimepangwa mstari mmoja kama picha iliyobandikwa. Kwenye tangi pana samaki anaingia nyuma ya jiwe, anapotea, kisha anatokea upande mwingine. Binti yako atalisubiri hilo kila siku.

Mwanga nao una lake la kusema. Matumbawe mengi tunayofuga yana mwani mdogo sana ndani ya nyama yake, na mwani huo ndio unaoyatengenezea sehemu kubwa ya chakula kwa kutumia mwanga. Yale laini uliyotaja kuanza nayo yanaridhika na mwanga wa wastani. Yale magumu yenye matawi, kama akropora, yanataka mwanga mkali. Chukua taa iliyoning'inia sentimita 20 juu ya ukingo: chini ya tangi la kimo cha 80 ni mita nzima kutoka kwenye taa, na chini ya lile la 45 ni sentimita 65. Mwanga unatawanyika kadiri unavyokwenda, na maji yenyewe yanaumeza, yakianza na rangi nyekundu. Vioo vya pembeni hurudisha sehemu yake ndani, hilo ni kweli. Bado utalazimika kununua taa yenye nguvu zaidi ili chini papate kitu, halafu taa hiyohiyo iunguze yaliyo juu. Wenye matangi marefu ya kwenda juu wengi huishia kuweka matumbawe theluthi ya juu tu, na chini wanabaki na mchanga mtupu wenye kiza.

Uzito. Hapa ndipo lita nne zako zinapodanganya kuliko popote. Maji ya bahari yana uzito wa kilo 1.025 kwa lita, kwa hiyo matangi yote mawili yakijaa ni kama kilo 330 za maji. Lakini la rafiki yako limezikalisha kilo hizo juu ya eneo la 100 kwa 40, yaani zaidi ya kilo 800 kwa kila mita ya mraba. La fundi linazikalisha juu ya 120 kwa 60, karibu kilo 460 kwa mita ya mraba. Sakafu inaijua tofauti hiyo. Kioo nacho kinaijua. Msukumo wa maji hautokani na wingi wa lita, unatokana na kimo. Kioo cha mbele cha tangi la 80 kinasukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 328 likiwa limejaa hadi ukingoni. Kile cha tangi la 45, japo ni kirefu zaidi, kinasukumwa kwa kama kilo 125. Silikoni ya viungo, yaani gundi inayounganisha vioo, ndiyo inayobeba msukumo huo usiku na mchana. Kwa tangi lililokwisha kutumika na usilojua liliunganishwa lini, mimi nisingelala usingizi mzuri.

Kuna na hewa. Oksijeni inaingia na kaboni dioksaidi inatoka kupitia uso wa maji. Uso wa tangi la fundi ni sentimita za mraba 7,200, na wa lile jingine ni 4,000. Usiku mwani unapoacha kutengeneza oksijeni na kila kiumbe kinaendelea kupumua, tofauti hiyo si ndogo.

Haki itendeke: uso mpana unapoteza maji mengi zaidi kwa mvuke. Mvuke unaondoka na maji, chumvi inabaki, kwa hiyo utakuwa unajazia maji safi yasiyo na chumvi kila siku. Kwa bahati nzuri wingi wa maji unakulinda. Lita 4 zikipungua kwenye tangi la lita 40, chumvi inapanda kutoka gramu 35 kwa lita hadi karibu 39, na hilo ni pigo. Zikipungua kwenye lita 300, inapanda hadi 35 na nusu tu. Weka kifaa kinachojazia maji chenyewe, chenye boya na pampu ndogo, na jambo hilo limekwisha.

Kama ningeruhusiwa kubadilisha kitu kimoja kwenye vipimo vya fundi wako, ningepandisha kimo kutoka 45 hadi 50. Hapa mkeo ana jicho zuri. Maji hayafiki ukingoni, unaacha kama sentimita 4. Kioo cha chini kinachukua 1, mchanga unachukua 3. Kwenye 45 unabaki na maji ya sentimita 37 hivi, na matawi yakishakua utaona yanagusa uso. Kwenye 50 unabaki na karibu 42, mkono bado unafika kila kona, na tangi halionekani kama sinia. Mwambie fundi atumie kioo cha milimita 12 kama halitakuwa na fremu. Kama unataka tundu la kupitishia maji kwenda tangi la chini, lile dogo la vifaa linalokaa ndani ya meza, litobolewe kabla ya kuunganisha. Asitumie kioo cha tempa mahali pa kutobolewa, kile kilichotiwa ugumu kwa moto. Kikiguswa na keekee kinasambaratika chote.

Kwa vipimo hivyo hesabu ya karatasi inasema lita 360. Usiitumie hesabu hiyo unapopima dawa au virutubisho. Ukitoa unene wa vioo na ile nafasi ya juu, maji ni kama lita 300, na mawe na mchanga vitapunguza tena. Siku ya kujaza mara ya kwanza, hesabu ndoo moja moja na uandike jumla yake nyuma ya mlango wa meza. Utaishukuru karatasi hiyo siku utakapohitaji kupima kitu kwa haraka.

Tangi la chini, ambamo skima (kifaa cha kuondoa uchafu kwa mapovu), hita na machujio hukaa yasionekane, ndilo linalosahaulika kwenye vipimo. Meza yako lazima iwe na nafasi ya kuliingiza na kulitoa. Na umeme ukikatika, maji ya juu yanateremka hadi usawa wa tundu. Kwenye tangi la 120 kwa 60, kila sentimita moja ya maji ni zaidi ya lita 6 na nusu. Yakishuka sentimita 3 tu, lita 20 zinakuja chini, na yaliyomo kwenye mabomba yanafuata. Tangi la chini liwe na nafasi tupu ya kuyapokea hayo yote. Siku ya kwanza, kabla ya kiumbe chochote kuingia, zima pampu kwa makusudi usimame utazame.

Ukijumlisha maji ya juu na ya chini, vioo, mawe na meza, unapita nusu tani. Weka pimamaji juu ya meza, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, kabla ya tangi kukaa. Na kwa kuwa ukuta wako uko kando ya dirisha, angalia jua linapiga wapi kwa siku nzima. Jua la moja kwa moja linapandisha joto la maji na kulisha mwani usioutaka. Pazia zito linatosha mara nyingi. Kwenye sentimita 135 zako, tangi la 120 linakuachia 15. Ziache zote upande wa dirisha kama mlango hautagonga.

Hapa ndipo sitakufurahisha. Kangaja wa njano anakua hadi sentimita 20. Si samaki wa kukaa, anazunguka kutwa akila mwani kwenye mawe. Kwenye tangi la sentimita 100 nisingemweka kabisa. Kwenye 120 wapo wanaomweka, na wengi wanahesabu kipimo hicho kuwa cha chini kabisa. Mimi ningependa apate 150 au zaidi. Samaki wa anemoni hawana tatizo, wanaweza kuishi maisha yao yote ndani ya eneo dogo. Ukimkosa kangaja, mwani wako utaliwa na konokono, na binti yako anaweza kumpa jina lile samaki mwingine. Ukiamua kumweka hata hivyo, awe wa mwisho kuingia, na uwe umeshajua atakwenda wapi akibanwa.

Kama moyo bado umekataa kuliacha tangi la rafiki, basi muulize kwanza kama amewahi kutibu samaki kwa dawa ya shaba. Shaba inajificha kwenye mawe na mchanga na inaua wadudu wa baharini na matumbawe. Pitisha ukucha kwenye silikoni uone kama inabanduka, tafuta mapovu ndani ya viungo, kisha lijaze maji nje ya nyumba na uliache siku tatu. Ila mimi ningemwomba aniuzie skima na pampu zake, tangi nimwachie.

Na kuhusu njia ya kwenda jikoni, usishindane na mkeo kwa maneno. Kata boksi la karatasi la sentimita 120 kwa 60, ulilaze sakafuni mahali tangi litakapokaa, ulibandike kwa gundi ya karatasi. Juu yake panga viti au makasha yafike kiunoni. Ishini nalo wiki nzima, mfungue mlango, mpishane hapo asubuhi kila mtu akiwa na haraka. Mwombe mkeo apite na beseni la nguo mikononi. Akipita bila kugeuza mwili, mpigie fundi. Akigeuza, mwambie fundi apunguze upana hadi 55, ukifika 50 hapo ndipo mwisho, na kimo kibaki palepale.

Mshauri wako